Usitazame Jina, Pindua Soli

Mji wa Kakamega hauna bahari, lakini maji hauyakosi. Mvua ya hapa hufika kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile inyeshayo Mombasa, na mara nyingi huja alasiri wakati watu wanapotoka kazini. Udongo wake ni mwekundu, tena wanata. Mtu atokaye pwani kuja kufanya kazi huku, kama nilivyokuja mimi kusomesha, hujifunza upesi kwamba makubadhi ni ya nyumbani na siku za jua, na kwamba kiatu cha kazini chataka kuchaguliwa kwa akili.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza: viatu navyo ni jambo la kuandikiwa makala? Jibu langu ni kuwa mwenye mshahara mdogo hutumia fedha nyingi kwa viatu kuliko anavyodhani, kwa sababu hununua vibaya mara nyingi badala ya kununua kizuri mara moja. Na katika masoko yetu ya mitumba, hapa Kakamega kama ilivyo Kongowea, mna viatu vya Kiingereza ambavyo vikiwa vipya bei yake hushinda mshahara wa mwezi wa mwalimu, navyo huuzwa kwa bei ya kuku wawili au watatu. Mwenye kuvijua hufaidika. Asiyevijua huvipita akaenda kununua king'aacho.

Viatu hivi havikuanza kuonekana hapa jana. Mwaka 1920 makao ya serikali ya kikoloni ya wilaya hii yalihamishwa kutoka Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ambako misafara ya watu wetu wa pwani ilikuwa ikipiga kambi na ambako Nabongo mwenyewe alisilimu, yakaletwa Kakamega. Kisha mnamo mwaka 1931 na 1932 dhahabu ikaonekana katika ardhi ya huku, na Wazungu wakamiminika kwa mamia kuja kuchimba. Karani na mwalimu wa zama hizo walijifunza kwa wakubwa wao kuwa kiatu cheusi cha kamba, kilichong'arishwa kikang'ara, ni alama ya mtu wa ofisini. Machimbo ya Rosterman yamekwisha kufungwa tangu miaka ya 1950, lakini fikira ile ya kiatu haijaondoka.

MJI WA WASHONA VIATU

Viatu vya Kiingereza vinavyosifiwa karibu vyote hutoka katika jimbo moja, Northamptonshire, mwendo wa kama kilomita 100 kaskazini ya London. Mji mkuu wake ni Northampton, na jirani zake ni miji midogo kama Kettering, Rushden, Desborough na Earls Barton. Sababu za kazi hii kukaa huko hazimpi taabu kuzielewa mtu aliyesikia habari za Siyu, kisiwani Pate, mji uliosifika kwa kazi za ngozi. Fundi hukaa palipo na mali yake. Northampton palikuwa na malisho ya ng'ombe wa kutoa ngozi, palikuwa na misitu ya mialoni ambayo magome yake hutumika kudabaghi ngozi, na palikuwa na maji ya mto.

Mwaka 1642 mafundi wa mji huo walipewa kazi ya kushona viatu jozi 4,000 na buti jozi 600 kwa ajili ya askari. Tangu hapo jina likakaa. Hata timu yao ya mpira hadi leo hupewa jina la utani la Washona Viatu. Katika karne ya ishirini viwanda vingi vya huko vilifungwa kwa kushindwa na viatu vya bei nafuu vya nchi nyingine, na vilivyobaki ni vichache vyenye kujua wanaloliuza.

MSHONO NDIO ASILI

Kabla ya kutaja majina, yatupasa tujue kiatu chenyewe kinajengwaje, kwani usione vyaelea, vimeundwa.

Viatu vingi vya siku hizi, vya hapa na vya nje, soli yake hugandishwa kwa gundi au humiminwa kwa mashine ikashikana na ngozi. Haya si matusi kwa wanaovitengeneza. Ni njia ya haraka, na ndiyo iliyowawezesha watoto wengi wa nchi hii kwenda shule na kiatu mguuni. Lakini gundi ikiachia, au soli ikilika, kiatu kimekwisha, hata kama ngozi ya juu ingali nzima.

Kiatu cha Northampton hujengwa kwa namna nyingine. Ngozi ya juu huvutwa juu ya kalibu yenye umbo la mguu. Kisha ukanda mwembamba wa ngozi hushonwa kuzunguka ukingo, ukaishika ngozi ya juu pamoja na soli ya ndani. Uwazi unaobaki katikati hujazwa chembe za gome la mti, lile lile linalofanyiwa vizibo vya chupa, ili mguu ulalie mahali laini. Mwisho soli ya nje hushonwa kwenye ule ukanda kwa mshono wa pili. Mashine ya kazi hii ilienea katika miaka ya 1870 kwa juhudi za Mmarekani Charles Goodyear Mdogo, mwana wa yule Goodyear aliyevumbua namna ya kuukaza mpira kwa moto na salfa.

Faida yake ni hii: soli ya nje imeshikwa na ukanda tu. Ikilika, fundi hukata uzi, akaitoa, akashona nyingine, na ngozi ya juu isiguswe. Ni kama jahazi linalobadilishwa ubao uliooza bila kuvunjwa mataruma yake. Ukanda ukiwa mzima, kiatu kimoja huweza kutiwa soli mara nne au tano. Kampuni ya Crockett & Jones husema kuwa jozi moja ya viatu vyao hupitia kazi zaidi ya 200 na huchukua hata majuma manane mpaka kukamilika. Mtu akishajua hayo haishangai bei, bali huanza kuuliza kama bei hiyo inastahili.

MAJINA NA DARAJA ZAKE

Sasa tuyatazame majina. Bei nitakazotaja ni za makadirio, za viatu vipya madukani Uingereza, nami nahesabu pauni 1 kwa shilingi 170 za Kenya.

Daraja ya kwanza, kwa maana ya ile nafuu, wamo Loake na Barker. Loake ilianzishwa Kettering mwaka 1880 na ndugu watatu, Thomas, John na William, na hadi leo ni mali ya ukoo huo. Mwaka huo huo Arthur Barker alianza kazi yake Earls Barton. Viatu vyao vya Northamptonshire huuzwa kwa kiasi cha pauni 300, yaani kama shilingi 51,000. Ni viatu vya kazi hasa: ngozi nene, mshono imara, mapambo machache. Ila mnunuzi aangalie jambo moja. Loake wana viatu vya namna mbalimbali, na vile vya bei ya chini hutengenezwa India. Si vibaya, lakini si sawa na vya Kettering, na jina lililopigwa ndani ni lile lile. Hapa ndipo jina linapoanza kumpoteza mtu.

Daraja ya pili nawaweka Cheaney, Grenson na Tricker's. Cheaney ni wa Desborough tangu mwaka 1886. Kwa miaka mingi walikuwa chini ya Church's, mpaka mwaka 2009 waliponunuliwa na Jonathan na William Church, watu wa ukoo ule ule wa Church. Viatu vyao ni kama pauni 400. Grenson walianza Rushden mwaka 1866. Tricker's ndio wakongwe wa wote, tangu mwaka 1829, na sifa yao kubwa ni viatu vizito na buti za shamba. Kama ningeambiwa nichague kiatu kipya cha kutembelea njia za Shinyalu na Khayega wakati wa masika, pasipo kutazama bei, ningechukua Tricker's chenye soli ya mpira.

Daraja ya tatu wamo Crockett & Jones na Church's, na hapa pana mazungumzo. Crockett & Jones ilianzishwa mwaka 1879 na mtu na shemeji yake, na ingali mikononi mwa ukoo. Kiatu chao cha kawaida hupita pauni 500. Church's ilianza mwaka 1873, na kwa muda mrefu limekuwa jina lililojulikana sana huku kwetu Afrika. Mkubwa akisema amevaa viatu vya Kiingereza, wengi hudhani ni Church's. Mwaka 1999 kampuni ya Kitaliani ya Prada iliinunua. Leo bei zake hupita pauni 700, yaani zaidi ya shilingi 119,000.

Je, Church's ni bora kuliko Crockett & Jones kwa kadiri ya tofauti hiyo ya bei? Mimi nasema hapana. Viatu vingi vya Church's hufanywa kwa ngozi iliyosuguliwa uso ili kuondoa makovu, kisha ikapakwa tabaka ya rangi inayong'aa kama kioo. Ngozi hiyo hukinga maji vizuri mwanzoni na haitaki kazi nyingi ya kung'arishwa. Lakini ikianza kupasuka kwenye mkunjo wa vidole, dawa ya viatu haiingii ndani kuilisha, na ule ufa hubaki. Ngozi ya ndama isiyosuguliwa, kama ile ya Crockett & Jones, hulika kwa uzuri: huchukua rangi, hulainika, na kovu lake hupungua kadiri unavyoitunza. Kwa hiyo katika daraja hii fedha ya ziada hununua jina.

Juu kabisa wako Edward Green, walioanza mwaka 1890, na John Lobb. Hao hupita pauni 1,000. John Lobb wenyewe wamegawanyika: liko duka la ukoo mjini London linalomshonea mtu kwa kipimo cha mguu wake, na viko viatu vya dukani vya jina hilo hilo vilivyo mali ya Hermès wa Ufaransa, vinavyoshonwa Northampton. Uzuri wa viatu hivi ni wa kweli: mishono midogo midogo, ngozi teule, umbo lililochongwa likafuata mguu. Lakini ukiniuliza kama kiatu cha Edward Green hudumu mara tatu ya kile cha Barker, nitakwambia sivyo. Kuanzia daraja ya pili kwenda juu, mshono wa soli ni ule ule. Kinachoongezeka ni urembo.

Jina moja zaidi halina budi kutajwa, kwani ndilo niliolionalo zaidi katika marundo ya sokoni: Clarks. Hao si watu wa Northampton. Wanatoka mji wa Street, jimbo la Somerset, tangu mwaka 1825, na kiatu chao mashuhuri cha jangwani, kilichotoka mwaka 1950, Nathan Clark alipata fikira yake kwa viatu walivyovaa maafisa wa vita, vilivyoshonwa sokoni Kairo. Siku hizi viatu vyao hutengenezwa nchi za nje, na vingi ni vya gundi. Ni viatu vya kustarehesha mguu, lakini asivinunue mtu kwa matumaini ya kuvitia soli mara tano.

SOKONI KAKAMEGA

Katika soko la mitumba viatu hufika katika marobota, na wauzaji huvigawa. Vilivyo bora huitwa kamera, na masalio ya mwisho huitwa fagia. Yafaa ujue kwamba muuzaji hugawa kwa macho: kinachong'aa na kisichokunjamana huwa kamera. Kiatu cha Cheaney kilichokauka na kuingia vumbi mara nyingi hutupwa kwenye fagia, kwa kuwa hakuna aliyekipaka dawa. Huko ndiko mwenye kujua hutafuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukikiokota kiatu, fanya hivi. Kwanza kipindue. Tazama kama uzi unaonekana umezunguka soli, katika mfereji mdogo au juu ya ukanda wa nje. Lakini usiridhike na uzi wa juu tu, maana wako watengenezaji wanaopiga mshono wa uongo juu ya plastiki ili kumhadaa mnunuzi. Ingiza kidole ndani ya kiatu, ubonyeze soli ya ndani: ikiwa ni ngozi, hutoa ubaridi na ugumu wa ngozi, ikiwa ni karatasi, hubonyea. Pili, kunja kiatu mahali pa vidole na utazame kama ngozi imepasuka au imekunjamana tu. Mkunjo si dhambi, ufa ndio maradhi. Tatu, tazama ukanda wenyewe. Kama mwenyewe wa kwanza alikitembelea mpaka ukanda ukalika, kiache.

Kisha soma ndani. Viatu vya Northamptonshire huwa na namba pamoja na herufi, kama 8 F. Namba za Kiingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, kipimo cha kale kilichotokana na urefu wa chembe ya shayiri. Herufi ni upana. Kwa Loake, Barker na Cheaney upana wa kawaida ni F na mpana zaidi ni G; kwa Crockett & Jones wa kawaida ni E. Sisi tuliokua na kandambili na makubadhi miguu yetu imepanuka, na wengi wetu hufaa G. Kiatu kizuri cha upana usio wako ni cha mwenzio.

Liko jambo jingine ambalo msomaji wa pwani hatapenda nilinyamazie, nalo ni ngozi ya nguruwe. Ngozi ya juu ya viatu hivi kwa kawaida ni ya ndama au ng'ombe, lakini bitana ya ndani katika viatu vya Ulaya wakati mwingine huwa ya nguruwe, na viko viatu ambavyo sifa yake yote imetokana nayo, kama Hush Puppies vya Marekani, vilivyotoka mwaka 1958 kwa ngozi yenye malaika laini ya mnyama huyo. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, ngozi ya mnyama mfu husafika kwa kudabaghiwa isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Kwa hiyo jambo hili si dogo kwa mtu aingiaye msikitini na miguu iliyotoka jasho ndani ya kiatu.

Kuitambua si kazi ngumu. Ipeleke bitana kwenye mwanga na utazame vitundu vya vinyweleo. Ngozi ya ng'ombe vitundu vyake ni vidogo na vimetawanyika sawasawa. Ya nguruwe huwa vitatu vitatu, vimekaa kama mafiga. Ukiona mafiga, rudisha kiatu mahali pake. Na ukiwa na shaka zaidi ya hapo, waulize wenye elimu.

Hali kadhalika, anayevua viatu mara kadhaa kwa siku afikirie aina ya kiatu. Kile cha kamba zilizobana juu ya ulimi, kiitwacho Oxford, ndicho rasmi kuliko vyote, lakini mwenye haraka ya swala hukanyaga kisigino chake na kukiua mapema. Kile ambacho sehemu za kamba zimefunguka pembeni ni rahisi zaidi, na kile cha kuchomeka mguu tu ni rahisi kuliko vyote. Weka kijiko cha kuvalia viatu mfukoni. Kitaokoa kisigino kuliko dawa yoyote.

NUSU YA PILI YA KIATU

Niliyoyasema mpaka hapa ni nusu ya habari. Kiatu cha mshono kina thamani pale tu palipo na mtu awezaye kukishona tena. Huko Uingereza mwenye kiatu hukirudisha kiwandani, kikavishwa kalibu yake ya asili, kikarudi kama kipya, kwa gharama ambayo kwetu ni mshahara. Hapa Kakamega tunao mafundi wa kando ya barabara.

Ninaye mzee mmoja ambaye hukaa chini ya mwavuli mkubwa karibu na kituo cha magari. Vyombo vyake ni msharasi, nta, uzi wa kitani, kisu na kipande cha reli cha kugongea. Nilimpelekea Barker niliyoipata katika fagia. Akaigeuza mara mbili, akaibonyeza, akanitazama.

"Mulembe, Mwalimu. Hiki umekitoa wapi?"

"Sokoni, Mzee. Chaponeka?"

"Hiki kina mifupa. Nitakifungua na nitakifunga. Vile vingine mnavyoniletea ni maboksi, nikivuta soli na ngozi inakuja."

Akauchukua msharasi, akafuata matundu yale yale ya mshono wa zamani, tundu kwa tundu, bila kutoboa ukanda mahali papya. Nilipomwuliza kwa nini hatoboi upya, ambavyo ingekuwa upesi zaidi, akanijibu kuwa ukanda ukitobolewa tobolewa huwa kama karatasi ya stempu, siku moja hupasuka wote. Soli aliyotia ilikuwa ya mpira mzito, kwa kuwa ya ngozi katika tope la huku hunyonya maji na kuoza. Waingereza wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana viatu vyao vingi hutiwa soli ya mpira yenye vinundu ya Dainite, itengenezwayo Market Harborough, si mbali na Northampton. Kazi yote ilichukua siku mbili, nami nikalipa shilingi 900.

"Mzee, vijana wako wanaijua kazi hii?" nikamwuliza.

"Wanajua gundi, Mwalimu. Uzi wanasema unachelewesha. Mmoja ameniacha ameshika bodaboda."

Maneno hayo yalinishughulisha kuliko bei ya viatu vyote vya Northampton. Maana siku mzee yule atakapokunja mwavuli wake, Barker yangu itakuwa sawa na kile kiatu cha gundi: kikilika, kimekwisha. Kazi za Siyu tulizozisifu nazo zilitegemea mkono wa mtu, na mkono usiporithiwa sifa hubaki katika masimulizi.

HESABU YAKE

Mtu asiamini maneno matupu; tufanye hesabu. Chukua mwalimu au karani anayetembea kwa miguu kila siku ya kazi hapa Kakamega. Kiatu cha gundi cha shilingi 2,500 humdumu kama miezi minane. Kwa miaka sita atanunua jozi tisa, jumla shilingi 22,500.

Mwenzake anunue mtumba wa mshono kwa shilingi 4,000. Autie soli mara tatu katika miaka hiyo sita, kila mara shilingi 900, na kisigino kila mwaka kwa shilingi 200. Jumla ni shilingi 7,900. Ameokoa 14,600, na muda wote huo ameonekana mtu wa heshima.

Je, anunue kipya kutoka Uingereza? Loake ya shilingi 51,000, hata ikidumu miaka kumi, pamoja na soli sita na visigino vyake itakuwa shilingi 58,400, yaani 5,840 kwa mwaka. Ni zaidi ya kiatu cha gundi, ambacho ni 3,750 kwa mwaka, na wala sijahesabu ushuru na kusafirisha. Church's ndiyo kabisa. Kwa hiyo wale wasemao kwamba kiatu ghali cha Kiingereza hujilipa chenyewe husema kweli kwa mtu alipwaye kwa pauni. Kwetu sisi kipya ni anasa, nayo si haramu kwa mwenye nacho, lakini asiiite akiba. Kinachojilipa ni kile ambacho Mwingereza amekwisha kukilipia.

Na kikishakuwa chako, kitunze. Kiwe na mwenzake, usikivae siku mbili mfululizo, ili jasho na mvua vipate kukauka. Kikilowa usikiweke karibu na jiko wala juani, kwani ngozi hupasuka. Kijaze karatasi kavu, ukihakikisha haina majina matukufu, ukiache kivulini. Kipake dawa kila juma. Wala usione haya kiraka. Mfalme Charles wa Uingereza, tangu alipokuwa bado mrithi wa ufalme, amepigwa picha amevaa viatu vyenye viraka, naye ni mtu awezaye kununua kiwanda kizima.

Basi ushauri wangu kwa ndugu zangu, walio bara na walio pwani, ni huu. Ukiona Loake ya Kettering, Barker au Cheaney ya upana wako, yenye ukanda mzima na bitana safi, usiipite. Ukiona Crockett & Jones kwa bei hiyo hiyo, shukuru Mungu. Ukiona Church's, kunja ngozi kwanza ndipo ufurahie jina. Na ukimjua fundi mwenye msharasi na uzi, mpelekee kazi kabla soli haijatoboka, umlipe bila kumpunja, na ukiweza mpelekee na kijana wa kumfunza. Kiatu kizuri kitapatikana tena sokoni juma lijalo. Fundi wa namna ile hauzwi kwa robota.